Huyu Mama Alikula Nini?

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Watu wanapiga makofi, wanaimba, wengine machozi yanawatoka na hawajali. Mama mkubwa peke yake ndiye aliyebaki amekaa, koti limefungwa hadi shingoni, mkoba mapajani, anaangalia jukwaa kama mtu anayengoja chenji yake.

Nikainama nikidhani miguu inamsumbua.

"Mama, twende?"

"Ngoja kwanza. Wamemfukuza shambani. Mumewe wamembakiza mpaka mavuno yaishe. Sasa mwanangu, huyu mama alikula nini?"

Nikamwambia tutaongea garini.

Swali hilo limenifuata kazini na limenifuata kitandani, wiki baada ya wiki, ndiyo maana naandika.

Tulichotoka kukiona ni *Fannie: The Music and Life of Fannie Lou Hamer*, tamthilia ya muziki iliyoandikwa na Cheryl L. West, kuhusu mchumaji pamba mweusi wa Mississippi, Marekani, aliyepigania haki ya kupiga kura. Toleo lake fupi lilizungushwa kwenye bustani za Chicago mwaka 2020, wakati watu wakielekea kwenye uchaguzi, na mwaka uliofuata tamthilia kamili ikapanda jukwaa la Goodman Theatre katika jiji hilohilo. Tangu hapo imezunguka kumbi nyingi, hadi ikafika katika mji huu ninaoishi. Mwigizaji mmoja, wanamuziki wachache, na nyimbo za kanisani ambazo ukizaliwa kwenye familia ya kwaya utazijua hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji.

Ni kazi nzuri, na nilisema hivyo kwa kila aliyeniuliza. Na bado.

## Basi la njano

Agosti 31, 1962. Watu 18 kutoka Ruleville, Mississippi, wanapanda basi kuukuu kwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura. Fannie Lou Hamer ana miaka 44, shule ameishia darasa la sita, na hadi mwezi huo hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba mtu mweusi anayo haki ya kupiga kura. Ofisini anapewa kifungu cha katiba ya jimbo kinachozungumzia sheria za *de facto*, yaani zilizopo kwa vitendo tu, anaambiwa akieleze. Anashindwa, kama ilivyopangwa ashindwe.

Njiani kurudi polisi wanalisimamisha basi. Kosa lake ni rangi: eti limezidi kuwa la njano, linafanana na basi la shule. Dereva anatozwa faini ya dola 100. Vibarua wa pamba watazipata wapi dola 100? Wanajadiliana, faini inashuka hadi dola 30, wanachangishana humo humo ndani.

Wakati huo wote, watu wamekaa kwenye viti na giza linakaribia, na kila mmoja anajua kwamba mwenye shamba ameshapata habari. Basi limejaa hofu. Ndipo yule mama anaanza kuimba, na mmoja baada ya mwingine wanaitikia.

Vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyokuwa inaandikisha watu vijijini, ndipo walipomwona. Walikuwa wanatafuta viongozi, na huyu hapa alikuwa hajajitambulisha kwa cheo chochote. Alikuwa ametuliza basi.

Usiku uleule mwenye shamba, W. D. Marlow, akamtaka afute jina lake. Akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Alikuwa ameishi kwenye shamba lile miaka 18. Akaondoka usiku huo. Siku kumi baadaye nyumba alikohifadhiwa ikamiminiwa risasi 16.

## Mizani

Garini nilianza kumsimulia mama mkubwa yale ninayoyajua kutoka kwenye vitabu. Nilianza na mizani, kwa sababu nilijua itamgusa. Yeye amelima pamba Magu tangu akiwa binti.

Kwa Marlow, Bi Hamer hakuwa mchumaji tu. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, alipewa kazi ya kutunza saa za vibarua na kuandika uzito wa pamba yao. Mizani ya shamba ilikuwa imechezewa: jiwe la kupimia liliongezewa uzito ili kilo za kibarua zionekane chache. Yeye akawa na jiwe lake la haki. Mwenye shamba akiwepo, anapima kwa lile la bosi. Akigeuka, anapima kwa la kwake.

Mama mkubwa akacheka mpaka akakohoa. "Huyo ni wa kwetu kabisa!"

Usukumani wanaijua hadithi hiyo kwa uchungu wake. Wanunuzi wa pamba walipunja wakulima kwenye mizani miaka nenda rudi, mpaka wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, na kutoka kwenye hasira hiyo ya mizani vikazaliwa vyama vya ushirika. Kufikia mwaka 1955 vilikuwa vimeungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na Paul Bomani alikuwa mmoja wa waliovijenga. Siasa ya uhuru Kanda ya Ziwa huwezi kuitenganisha na mizani.

Ila hakujibiwa bado. Aliniangalia, nami nikaendelea kuendesha.

## Wimbo ni kazi

Nilipofika nyumbani nilitafuta rekodi za Bi Hamer mwenyewe akiimba. Zipo. Sauti nene, haina manjonjo, haitafuti kumpendeza mtu. Anapoimba *This Little Light of Mine* husikii mtu mmoja na wasikilizaji wake. Unasikia mtu anaanzisha na chumba kinambeba.

Hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanzia. Jukwaa linamweka mwimbaji juu na sisi chini, kiti kimelipiwa, taa zimezimwa. Mwigizaji alitualika tuimbe naye, tukaimba, tukajisikia vizuri sana. Lakini sisi hatukuwa na Marlow anayetusubiri mlangoni. Tulikuwa na maegesho ya kulipia. Wimbo ulikuwa uleule, ila kazi yake ilikuwa imebadilika.

Juni 9, 1963, wakirudi kutoka kwenye mafunzo ya uraia, Bi Hamer na wenzake walikamatwa Winona. Polisi waliwalazimisha wafungwa wawili weusi wampige kwa zamu. Figo na jicho havikupona sawasawa tena maisha yake yote, na tayari alikuwa akichechemea tangu utotoni kwa sababu ya polio. Wakiwa bado ndani, mwanaharakati mwenzao, Medgar Evers, aliuawa Jackson. Humo gerezani waliimba. Sidhani kama waliimba kwa ajili ya matumaini, neno ambalo tunapenda kulibandika kila mahali. Mtu aliye seli ya pili hakuoni. Akisikia sauti yako anajua kwamba bado u hai.

Mama mkubwa aliwahi kuniambia jambo la namna hiyo kuhusu ngoma za Bagika na Bagalu. Watu wa mjini wanaziita burudani, lakini kule palizi ya shamba kubwa ilikwenda kwa wimbo, na aliyenyamaza alijulikana kuwa amechoka au ana lake moyoni.

Kwa hiyo nilianza kujiuliza kama tamthilia ya muziki ndiyo njia sahihi ya kumsimulia mtu ambaye wimbo kwake ulikuwa jembe. Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa, kisha nikaliacha. Ni wazo la kibaguzi kidogo, la kudhani kwamba kilichozaliwa kwenye basi kibaki kwenye basi. Watu wanaolipa viingilio nao wanastahili kumjua. Shaka iliyobaki ni nyingine.

## Dakika nane

Agosti 22, 1964, Atlantic City, mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Ujumbe rasmi wa Mississippi ni wazungu watupu. Wenzake Bi Hamer wamekuja na chama chao mbadala, Mississippi Freedom Democratic Party, wanadai viti. Anakaa mbele ya kamati, gauni la maua, mkoba pembeni, anasimulia basi, risasi, Winona. Yote kwa muda wa dakika kama nane.

Rais Lyndon Johnson akaogopa. Huyu ndiye Rais mwenye jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani, anamwogopa kibarua wa pamba kwenye televisheni! Akaitisha haraka mkutano na waandishi ili kamera zihame. Zikahama. Akatangaza kwamba imetimia miezi tisa tangu Kennedy apigwe risasi, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Jioni vituo vikarudisha ushahidi wote wa Bi Hamer, saa ambayo watu wengi wako nyumbani.

Kwa mwandishi wa jukwaa hiki ni kilele kilichopikwa tayari. Lakini endelea kusoma kilichofuata. Walipewa viti viwili, tena watu wa kukalia wakachaguliwa na wakubwa. Viongozi wengi wa harakati waliona wavichukue. Bayard Rustin alikuwa miongoni mwao, yuleyule aliyeratibu Maandamano ya Washington ya 1963 na ambaye miaka mingi jina lake lilifichwa. (Naye ana mambo yake: mwaka 1940 alikuwa kwenye waimbaji wa tamthilia ya muziki ya Broadway pamoja na Paul Robeson, na mwaka 1962 alikuwa Dar es Salaam na wanaharakati wa amani waliotaka kuusaidia ukombozi wa Rhodesia ya Kaskazini. Anayetaka kuandika tamthilia nyingine, mtu huyo hapo.)

Bi Hamer alikataa viti viwili. Watu wenye suti wakamwona hajui siasa. Wakaondoka Atlantic City bila kitu.

Ushindi wa sheria ulikuja mwaka uliofuata, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Lakini hakuna aliyerudi Ruleville na mfuko wa unga.

## Uhuru, Harlem

Naomba nipite hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo nashangaa hatulizungumzi.

Septemba 1964 Bi Hamer alikwenda Guinea pamoja na ujumbe wa SNCC. Sékou Touré alikuja mwenyewe kuwaona walipofikia. Mama huyu ambaye serikali ya kwao haikumtaka hata mlangoni, Rais wa nchi anamfuata yeye! Alilisimulia hilo kwa miaka mingi baadaye.

Desemba 20 mwaka huohuo alizungumza kanisani Harlem pamoja na Malcolm X. Ni katika safari hiyo ya Harlem alipotoa lile neno lake la kuchoka na kuchoshwa na kuchoka, ambalo leo limechongwa kwenye kaburi lake. Waimbaji wa SNCC walikuwepo, na wimbo wao mmoja ulimhusu Oginga Odinga. Alikuwa ametembelea Atlanta mwaka uliotangulia, vijana wakakutana naye, wakatoka hapo moja kwa moja kwenda kudai kuhudumiwa kwenye mgahawa wa wazungu. Ndani ya wimbo huo wanaimba "Uhuru". Malcolm aliposimama alianza na huohuo wimbo, akaingia kwenye Mau Mau.

Kwa hiyo usiku ule, kanisani Harlem, mchumaji pamba wa Mississippi aliketi akisikia Kiswahili kikiimbwa na vijana wa kwao. Ningelipa kiingilio mara mbili kuiona hiyo.

## Benki ya nguruwe

Sasa nirudi kwenye chakula.

Baba yake Bi Hamer aliwahi kujikusanya akanunua nyumbu na ng'ombe, ili akodi ardhi na atoke kwenye kulima kwa mgawo. Mzungu mmoja akawatilia wanyama hao sumu. Familia ya watoto 20, yeye akiwa kitinda mimba, ikarudi chini. Yeye mwenyewe aliingizwa kwenye kuchuma akiwa na miaka sita: mwenye shamba alimwahidi vitu vya dukani, samaki wa kopo na biskuti, akichuma ratili 30. Akachuma. Wiki iliyofuata akatakiwa achume 60.

Mwaka 1961 aliingia hospitali kutolewa uvimbe, akatoka ameondolewa kizazi bila kuulizwa. Mwaka 1967 akampoteza binti yake wa kulea, bado kijana, baada ya familia kuhangaika kupata mahali pa kumtibu, na mwili wake ulikuwa umeshadhoofishwa na lishe duni. Hebu soma tena: lishe duni, kwenye udongo wenye rutuba wa Delta ya Mississippi, katika nchi tajiri kuliko zote.

Ndipo mwaka 1969 akaanzisha Freedom Farm, ushirika wa wakulima, kwa kununua ekari 40. Baadaye ikapanuka ikawa mamia ya ekari. Pamba na soya vilipandwa vilipie ardhi. Mbaazi, maharage, matango na majani ya mboga vilipandwa viliwe. Ada ilikuwa dola 1 kwa mwezi na wengi hawakuimudu, lakini hakuna aliyeachwa. Harry Belafonte alisaidia kuchangisha.

Na kulikuwa na benki ya nguruwe. Msomaji wa Pwani atanisamehe. Baraza la Wanawake Weusi la Marekani chini ya Dorothy Height lilitoa nguruwe wa kuanzia, majike na madume. Familia inapewa jike lenye mimba, linazaa, inarudisha watoto wawili benki, wanaobaki ni wake. Ukiwa umetoka Tanzania huhitaji kuelezewa mara mbili, ni kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Bi Hamer alisema kwa maneno yake kwamba mtu mwenye nguruwe bandani na mboga shambani, hakuna wa kumtisha kwa njaa ili asipige kura.

Nilipompigia mama mkubwa kumweleza hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na likaendelea?"

Hapana. Ukame, mafuriko, madeni, kodi, uchache wa watu wanaojua kuendesha shamba la ukubwa ule, na afya yake ikizidi kuporomoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 ardhi ilikuwa inauzwa kulipa madeni. Machi 14, 1977 alifariki kwa saratani, ana miaka 59. Nishani ya Uhuru ya Rais ilimfika Januari 2025, kaburini.

Shaka yangu iko hapa. Nilitoka ukumbini nimebeba basi, gereza na Atlantic City. Hayo yanaimbika: yana adui mwenye sura na yana kilele. Lakini tukisema huyu ni kiongozi aliyesahauliwa, kilichosahauliwa ni kipi hasa? Ushahidi wake umewekwa kwenye kumbukumbu, unausikiliza ukitaka. Kilichosahauliwa ni ile miaka ya shamba. Ni hesabu za mbegu, dola 1 ya ada ambayo jirani hana, nguruwe anayerudishwa bila maandishi yoyote. Mpinzani kule ni riba ya mkopo, na riba huwezi kumvalisha nguo ukampandisha jukwaani.

Au unaweza? Naamini unaweza. Wapo watunzi waliotoa nyimbo kwenye katiba na kwenye hesabu za benki. Mwandike mwanamke mgonjwa anayesoma barua ya madeni mezani, na mumewe, Pap, anasimama mlangoni na habari za mvua. Wape wimbo wa kuitikiana. Usiwape ushindi mwishoni. Hapo ningekaa kama mama mkubwa, nisiharakishe kusimama.

## Na Bi Titi?

Bila shaka mmeshamfikiria.

Mwaka 1955 TANU ilipohitaji wanawake, Bi Titi Mohamed hakuanzia ofisini. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, akaenda kwenye vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya Dar es Salaam, vyenye viongozi wao, nidhamu yao na sauti zao tayari. Vikundi hivyo ndivyo vilivyojaza mikutano na kukusanya pesa. Ni jambo lilelile la basi la Indianola: wimbo ulikuwa umeshawapanga watu kabla siasa haijafika.

Mtu akimwandikia tamthilia ya muziki, najua itakavyokuwa. Khanga, vigelegele, Mnazi Mmoja, Desemba 9, 1961, pazia. Ukumbi utasimama.

Na mimi nitakuwa nimekaa, nangoja mwaka 1965 aliposhindwa ubunge Rufiji. Nangoja Azimio la Arusha lilipokataza viongozi kupangisha nyumba, naye ana nyumba, akaachia vyeo. Nangoja Oktoba 1969, kesi ya uhaini, hukumu ya kifungo cha maisha, kutoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais, na miaka ishirini na ushei ya kuishi Dar es Salaam akiwa raia wa kawaida, mpaka alipofariki Johannesburg mwaka 2000. Leo daladala zinapita kwenye mtaa wenye jina lake. Sitaki mwandishi atuamulie nani alikuwa na haki katika kesi ile. Nataka aimbe hiyo miaka, na kama ningekuwa na sauti kwenye chumba cha waandishi ningesema tamthilia ianzie lango la gereza mwaka 1972, mengine yaje nyuma.

Nyimbo za lelemama za miaka ya hamsini nimezitafuta mtandaoni, nimepata vipande tu. Kama nyumbani kwenu Kariakoo, Tanga, Bagamoyo au Lamu kuna bibi anayezikumbuka, au kuna kaseti kwenye kabati ambayo hakuna anayethubutu kuitupa, niandikieni hapo chini. Hata kiitikio kimoja kitanitosha kuanzia.